Siku Kidari Kilipopima Ukuta wa Saruji

Nyamazeni, enyi mlioketi, na ninyi mliosimama kwa kuwa viti vimewahiwa na wakubwa. Zimeni redio. Lazeni simu kifudifudi. Habari itakayosimuliwa hapa inazidi kwa ukubwa habari za majeshi na milki. Ni habari ya Evaline binti Gabriel, Mvaa Kofia ya Njano, Mhitimu wa Chuo cha Ufundi, Adui wa Kukisia, aliyepanda kutoka Moshi mjini akiwa na msumeno na barakoa, akaukabili ukuta ambao ukoo wake ulikuwa umeuegemea kila Desemba bila kuutazama. Asiye na subira na aende kuchochea moto. Wengine tusogeleane.

Juu ya Kiboriloni, mahali ambapo lami huchoka na udongo mwekundu hushika zamu, kipo kihamba, shamba la urithi la ukoo, cha marehemu mzee Ebenezeri. Na katikati ya migomba ya kihamba hicho lilisimama banda. Mzee alilijenga enzi za ujana wake. Ukutani aliweka paneli za saruji na juu aliweka mabati ya saruji, vitu alivyovipata shamba moja la mkonge lilipovunja ghala lake. Wakati huo vilikuwa vigumu na vyeupe, na majirani walikuja kuvigonga kwa vidole, kisha wakarudi makwao wakiwa hawana raha. Lakini mvua hazijui fahari ya mtu. Zilinyesha masika na vuli, mwaka ukafuata mwaka, mpaka mabati yakaota ukoga wa kijani, paneli zikapauka kama uso wa mgonjwa, na misumari ikatoa machozi ya kutu.

Chini ya banda hilo ndipo ulipokuwa ufalme wa Digna, mjane wa kitinda mimba wa mzee Ebenezeri. Humo alipika. Humo alikamua ng'ombe. Humo, kila upepo ulipovuma, aliyafunika maziwa kwa sahani ili vumbi la paa lisidondokee ndani.

Mtu atauliza kwa nini hakulibomoa. Hakulibomoa kwa sababu ya sheria. Ukoo huo ulikuwa na sheria ngumu kuliko saruji yoyote: kitu cha mzee hakiguswi kihambani mpaka kikao cha Desemba kiridhie. Nacho kikao cha Desemba kilikuwa na utaratibu wake. Wana wa ukoo walipanda kutoka Dar es Salaam, wakaketi chini ya banda, wakala mbuzi, wakanywa mbege, wakatazama juu kidogo, wakasema, "Tutaliangalia." Kisha wakashuka. Digna akabaki na paa lake, na paa likabaki na Digna.

Mwaka ule Digna alishika simu akampigia Evaline, binti wa shemeji yake Gabriel.

"Mwanangu, kipande kimeanguka pale pale ninapoweka kigoda cha kukamulia. Nilikuwa nimeinuka kufuata ndoo."

"Umeumia, mama mdogo?"

"Sijaumia. Ndiyo maana hawatanisikia. Njoo ulipime hili banda, na ulipime mbele yao. Mimi wameshanizoea."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma Evaline kuliko habari ya kipande. Yeye pia alikuwa amezoeleka. Katika ukoo ule alijulikana kama yule aliyesomea ujenzi na hajajenga hata banda la kuku. Alifunga mkoba. Alivaa kofia yake ya njano, ingawa safari ilikuwa fupi na hapakuwa na kitu cha kumwangukia njiani.

Alifika siku moja kabla ya kikao, akakuta lango limezibwa na gari refu. Gari hilo lilikuwa la Davis, kaka mkubwa wa baba yake, Mwenyekiti wa Ukoo, Simba wa Kikao, meneja wa kitu fulani huko Dar ambacho hakuna ndugu aliyewahi kukielewa na hakuna aliyethubutu kuuliza.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mhandisi wetu. Nasikia umekuja kulitukana banda la baba."

"Nimekuja kulipima."

"Kulipima!" Davis alicheka, akakunja mkono wa shati, akakiinua kiganja chake kama shujaa ainuavyo rungu mbele ya jeshi lililopangwa, akaushukia ukuta. Pa! Kuku wakatawanyika. "Umesikia? Imara. Hicho ndicho kipimo changu tangu nikiwa mtoto."

Evaline alitazama pale kiganja kilipotua. "Baba mkubwa, hapo umepima nguzo."

Kutoka kwenye kigoda chake, mzee Vedastus aliguna. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu Ebenezeri, mkongwe wa ukoo, na ndiye pekee aliyeruhusiwa kugawa nyama. Alikaza fimbo yake, akagonga paneli, akatega sikio kwa muda mrefu.

"Linasema," alitangaza.

"Linasema nini, babu?"

"Linasema mbege bado haijaletwa."

Hivyo ndivyo wakubwa wawili walivyolipima banda, nao wakaridhika na matokeo. Lakini binti Gabriel hakuridhika. Alivaa barakoa.

"Ee, korona imerudi?" aliuliza Goodness, mke wa Davis, akimenya ndizi za mtori.

"Saruji hii ina asbesto, mama mkubwa. Vumbi lake si zuri kifuani. Tafadhali sogezeni ndizi."

Goodness alisogeza ndizi. Yeye mwenyewe hakusogea mpaka Evaline alipomkazia macho.

Basi ulianza ule mwinuko ambao vizazi vitauhadithia. Watu hutoka ng'ambo ya bahari ili waupande Mlima Kilimanjaro, nao hupewa wapagazi, wapishi na vyeti. Evaline alipanda ngazi ya miti na hakupewa hata glasi ya maji. Alivuta mbao ndefu, akazilaza juu ya paa, kutoka boriti hadi boriti, akatambaa juu yake. Hakukanyaga bati hata moja.

"Mbao za nini?" Davis alipaza sauti kutoka chini. "Baba alikuwa akitembea hapo juu kama paka!"

"Baba yako alikuwa mwembamba," Goodness alimjibu, "na bati lilikuwa kijana."

Huko juu Evaline aliona yote. Aliona nyufa zikianzia kwenye kila skrubu na kutambaa kama mito kwenye ramani. Alikwangua kidogo kwa msumari, na saruji iliyolowa chini ya ukoga ikatoka kama uji ulioganda. Alijua tayari. Lakini kujua peke yake juu ya paa hakusaidii kitu, kwa kuwa kikao hakipandi ngazi. Ilimpasa aushushe ukweli mpaka chini, auweke mbele ya watu wazima walioshiba, auvunje wakiuangalia.

Alishuka. Nyuma ya banda palikuwa na paneli iliyokuwa ikining'inia kwa msumari mmoja. Aliilowesha kwa bomba la kunyunyizia kahawa dawa, mpaka haikuwa na uwezo wa kutoa vumbi, akaikata kwa msumeno wa mkono, taratibu, akapata vipande viwili vilivyolingana upana na urefu. Kimoja alikiweka karibu na jiko kikauke. Cha pili alikizamisha katika hori kuukuu la ng'ombe lililojaa maji.

"Sasa sikilizeni utaratibu," alisema, na wote walikuwapo. "Kesho nitapima viwili, kikavu na kilicholowa. Kila kimoja nitakilaza juu ya mabenchi mawili, katikati nitaning'iniza kapu, na ndani ya kapu nitaongeza mzigo mpaka kivunjike. Ukuta haufanyiwi mtihani siku ya jua. Mtihani wake uko Aprili, mvua ikiwa imenyesha wiki nzima."

"Na kisipovunjika?" Davis aliuliza.

"Nitasema mbele ya kikao kwamba nilikosea."

"Na utamwomba radhi baba, aliyelijenga."

Evaline alimtazama Digna, aliyekuwa akifunika maziwa kwa sahani. "Nitamwomba radhi."

Kesho yake ukoo ulikusanyika. Mbuzi alichinjwa asubuhi, supu ya kisusio ikatokota sufuriani, mbege ikapita kutoka mkono hadi mkono. Evaline alipanga mabenchi, akaweka kipande kikavu, akafunga kamba na kapu. Kisha akafungua mfuko wa mchanga na kuelekea kwenye mizani iliyofungwa kwenye tawi la mparachichi.

Hapo ndipo vita vya kwanza vilipozuka.

"Simama!" mzee Vedastus alinguruma. "Mizani hiyo ni ya nyama. Siku ya nyama haipimi mchanga."

"Babu, ni mizani tu. Nitaifuta."

"Utaifuta mchanga, utaifuta na heshima yake?"

Mizani mingine haikuwapo karibu. Evaline alipendekeza mawe. Davis alisimama, akakohoa kikao kikanyamaza, akanena:

"Ndugu wa ukoo. Jiwe ni kitu cha mtaani. Halina jina wala halina mwenyewe. Banda la baba yetu halitahukumiwa kwa mawe. Kama ni lazima lipimwe, basi lipimwe kwa mafungu yetu wenyewe, yaliyokwisha kupimwa kwa mizani halali na mkono halali. Ukuta wa ukoo na ubebe nyama ya ukoo!"

Walishangilia. Evaline alitafakari kidogo. Uzito ni uzito. Kapu lilikuwa safi, lilitandikwa majani ya mgomba, na lilining'inia mbali na saruji. Akakubali.

Vita vya pili vilifuata papo hapo. Alichukua mbavu zilizokuwa karibu akataka kuzitia kapuni, na vikohozi vikasikika kila upande. Katika boma lile, nyama ina daraja. Kidari ni cha mwenyekiti. Bega ni la mkongwe. Paja, mbavu, shingo, kila kimoja kina mwenyewe kwa umri na kwa cheo. Na wanawake wana supu, pamoja na vile vipande ambavyo havina jina. Fungu la mdogo haliwezi kutangulia la mkubwa popote pale, iwe mezani, iwe kapuni.

"Basi kidari kianze," Evaline alisema.

Kidari kikaanza. Davis alikiweka mwenyewe, kwa kuwa hakishikwi na mkono mwingine kikishagawiwa. Bega likafuata, likiwekwa na Vedastus. Likafuata paja. Zikafuata mbavu. Wazee walijipanga wakiwa wamebeba mafungu yao kwa mikono miwili kama watu wapelekao kodi kwa mfalme, na kipande kikavu kikapinda kidogo, upana wa ukucha, kikatulia. Shingo ikaingia. Kichwa kikaingia, kikatazama watu kwa jicho moja. Kipande hakikuvunjika.

Kelele iliyopanda hapo iliwatoa ndege kwenye mparachichi. Davis alipanda juu ya kigoda.

"Ndugu! Mmeona kwa macho yenu! Mbuzi mzima! Mzee Ebenezeri amesimama leo hapa kama alivyosimama zamani. Nami natamka kwamba banda hili ni imara, lilikuwa imara, na litaendelea kuwa imara hata sisi tukiwa tumelala. Mhandisi wetu amejitahidi. Mpigieni makofi. Naomba sasa kikao kifungwe, nyama ichomwe."

"Bado kimoja," Digna alisema.

"Shemeji, mbuzi mzima ameshapita."

"Bado kimoja, shemeji. Alisema viwili."

Davis alimgeukia mzee Vedastus, akitumaini. Mzee alitafuna kitu ambacho hakikuwa mdomoni. "Alisema viwili," akakiri. "Tulikuwapo wote."

Mafungu yakatolewa kapuni kwa daraja lile lile. Evaline akaenda kwenye hori. Kipande kile kikavu kilikuwa kimebeba zaidi ya alivyotarajia. Je, kama hiki nacho kitabeba? Angesimama mbele ya watu hawa na kumwomba radhi marehemu, nao wangecheka kwa upole, jambo ambalo ni baya kuliko kucheka kwa ukali. Kesho wangeshuka Dar, na mama mdogo angerudi kwenye kigoda chake cha kukamulia, chini ya lile paa, akiwa na ushahidi rasmi dhidi yake. Alikitoa kipande. Kilichuruzika maji. Akakilaza juu ya mabenchi, akafunga kapu, akarudi nyuma.

"Kidari," alisema.

Mwenyekiti wa Ukoo alikuja na kidari. Hakuharakisha. Alikuwa na neno.

"Naweka hapa," alisema, akiinama, "fungu la baba, na la baba wa baba. Liwe la kwanza kuwekwa na la mwisho kutolewa."

Akaliachia.

Kisha ukasikika mlio usio mkubwa, kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa gotini, ingawa kitu chenyewe kilikuwa kimelowa. Kipande kikakatika katikati. Kapu likaenda chini. Kidari, Fungu la Mwenyekiti, Taji la Mbuzi, kikaviringika kutoka kwenye majani ya mgomba na kusimama mbele ya Popi.

Popi alikuwa mbwa wa Digna. Alikuwa na sikio moja zima na jingine nusu. Kwa miaka yote ya vikao alilala chini ya benchi akingoja mifupa isiyofika. Hakuwa mbwa wa hotuba. Alikitazama kidari, akamtazama Davis, akafanya uamuzi.

"Mkamateni!" Davis aliunguruma.

Oneni sasa msafara ule ukiingia migombani! Mbele Popi, mwenye mbio kama habari mbaya; nyuma yake Davis, viatu vinavyong'aa vikizama matopeni, tai ikipeperuka begani kama bendera ya jeshi linalorudi nyuma bila kukubali; nyuma yake Vedastus na fimbo, hatua chache, kwa heshima tu. Walipita kahawa. Walipita mfereji. Sauti ya mwenyekiti ilisikika ikishuka bondeni, mara ikiamuru, mara ikibembeleza, "Popi, Popi, njoo baba," na mwisho haikusikika.

Evaline alibaki akiwa ameshika nusu ya kipande. Alikigeuza ili watu waone kilipokatikia. Ndani kilikuwa laini, rangi ya majivu yaliyomwagiwa maji.

"Aprili ukuta wote unakuwa hivi," alisema. "Na paa."

Hakuhitaji kusema zaidi. Kwa mara ya kwanza siku ile, watu waliokuwa wameketi chini ya banda walitazama juu, wakatazama vizuri, na benchi baada ya benchi wakahamia nje juani, wakijidai wanafuata mbege.

Davis alirudi. Jani la mgomba lilikuwa limemganda shavuni, na mikono yake ilikuwa mitupu. Alisimama mbele ya kikao akihema.

"Huu," alisema, "ni udhalilishaji. Kidari cha mwenyekiti kimeliwa na mbwa mbele ya kikao kizima. Ukuta usioweza kubeba kidari unawezaje kubeba jina la ukoo? Libomolewe. Januari. Lote, na paa lake. Nani anapinga?"

Hakuna aliyepinga. Mikono ilipanda kwa kasi ambayo kikao kile hakikuwahi kuiona, hata walipopiga kura ya kuongeza mbege. Jambo lililoshindwa kuamuliwa kwa ajili ya kichwa cha mtu liliamuliwa kwa ajili ya kipande cha nyama.

Digna alikuwa amesimama karibu na sufuria. Alisema bila kupaza sauti, lakini kila mtu alisikia:

"Shemeji, ukuta huo umekaa juu ya kichwa changu miaka yote hii. Kidari kimeutegemea dakika moja, mmepiga kura."

Davis alilitoa lile jani shavuni, akaliangalia, akaketi.

Na ikawa hivyo. Januari mafundi waliovaa barakoa walishusha mabati na paneli, vikiwa vimelowa, bila kuvivunja, wakavifunga kwa nailoni nene na kuvipeleka mahali walipoelekezwa na watu wa mazingira. Zikapanda kuta za tofali. Likapanda bati la bluu. Evaline alisimamia kila msumari. Masika yakaja, mvua ikanyesha wiki nzima, na Digna akakamua ng'ombe bila kufunika ndoo.

Desemba ikarudi, na ukoo ukarudi pamoja nayo. Mbuzi alichinjwa. Mzee Vedastus aliketi mbele ya nyama, akanoa kisu, akaanza kuita mafungu kwa daraja, kama ilivyokuwa tangu zamani.

"Bega la mkongwe. Hilo ni langu. Paja. Mbavu. Shingo." Alinyanyua mfupa wenye nyama ya kutosha. "Fungu la Popi."

Popi akatoka chini ya benchi akapokea. Ukoo ulilikubali jambo hilo bila mjadala, kama kitu kilichokuwapo siku zote.

Evaline alikuwa karibu na sufuria, pamoja na wanawake, akingoja supu. Alijisemea moyoni kwamba mbwa amemtangulia, na kwamba hilo nalo ni maendeleo ya aina yake.

Kilibaki kidari. Mzee Vedastus alikiweka juu ya jani, akakitazama kwa muda. Davis alikuwa tayari amenyoosha mikono.

"Davis," mzee alisema, "mwaka jana ulikipoteza."

"Baba mdogo, kilichukuliwa."

"Ulikipoteza. Na aliyekwambia kitaanguka alikuwa amesimama pale, na kofia yake."

Kisu kikashuka. Kidari kikawa viwili. Katika boma la mzee Ebenezeri kisu hakikuwahi kupita hapo.

"Nusu ya mwenyekiti," Vedastus aliita. Kisha akainua nusu ya pili juu ya vichwa vya wazee waliokuwa wamegeuka wote kwa pamoja. "Nusu ya Evaline."

Davis alivuta pumzi ya hotuba. Akatazama juu, kwenye bati la bluu, kwenye skrubu zilizopangwa kwa mstari ulionyooka. Akapokea nusu yake.

Evaline alivuka katikati ya mabenchi ya wanaume, akapiga goti kidogo, akapokea kwa mikono miwili.

"Aika, babu," akashukuru.

Na habari hii isimuliwe popote penye paa, kuanzia Kiboriloni hadi Himo na miteremko yote ya mlima: kwamba mwaka ule, katika kihamba kile, mwanamke alikula kidari akiwa ameketi, na hakuna kitu kilichoanguka.